Udongo Mweusi wa Bondeni

Kila alfajiri, kabla hajanawa uso, Makoye aligonga kuta. Alianzia mlangoni akazunguka chumba kizima, akigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, hapa chini, pale usawa wa kifua, kona hata kona. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, msingi wake wa mawe, na hazikuwa na ufa wa kupitisha hata unywele. Hata hivyo aligonga. Watoto wake walikuwa wamekwisha kuzoea. Waligeuka tu kwenye mkeka wakaendelea kulala. Asiyeweza kunyamaza alikuwa Paskalina, muuza vitumbua, mpangaji wa chumba cha pili.

"Baba Mageni," aliita kutoka upande wake, "leo wa ndani kaitika?"

"Bado."

"Kesho njoo na mbuzi, baba. Wengine hawafungui bure."

Makoye alicheka kwa adabu, akamwamsha Mageni, binti yake mkubwa, awapikie wadogo zake uji, kisha akasukuma baiskeli kuelekea kazini. Alipita mbele ya nyumba kubwa akiwa ameinamisha kichwa. Chumba alicholala kilikuwa cha uani, na ua ulikuwa wa Theonest, karani wa stesheni. Theonest alimwoa Zipora, na Zipora ni dada wa Limi, mke wa Makoye. Limi mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amelazwa Kolandoto, paja limevunjika, na aliyesababisha alalie kitanda cha hospitali muda wote huo alijulikana na kila mtu, ingawa hakuna aliyemtaja.

Mwaka uliotangulia, 1974, Makoye alikuwa bado mkulima wa tumbaku huko Ushetu. Akapata kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, ya kufunga marobota. Kazi ya mshahara, yenye kadi ya kugonga muhuri! Wakakubaliana na Limi kwamba hatakwenda peke yake, maana mwanamume akiachwa mjini peke yake, mshahara hupata watoto wengine. Basi kiangazi kile waliwaacha watoto kwa bibi yao, wakaja wao wawili kutafuta mahali pa kukaa.

Theonest aliwatembeza Jumapili nzima, shati limepigwa pasi, mkononi kitambaa cha kujifutia jasho. Limi alikuwa na maswali yake. Bomba la maji liko wapi? Shule je, watoto watavuka reli? Mtoto akishikwa na homa, nani jirani wa kufunguliwa mlango? Makoye alikuwa na swali moja tu, nalo hakulisema: mahali gani atakuwa bwana wa nyumba yake.

Walianza Mawe Matatu, nyuma ya nyumba ya Theonest. Palikuwa pameinuka, mchanga mtupu, majabali yamejitokeza kama migongo ya ng'ombe waliolala. Kulikuwa na msingi wa mawe uliokwisha kujengwa na mtu wa reli aliyehamishiwa Tabora. Balozi wa nyumba kumi alikuwa tayari kuwapa.

"Hapa pazuri, shemeji," Theonest alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. "Ukiishiwa chumvi, mkeo anavuka ua. Mkigombana, nasikia, naja kuamua. Ukichelewa kurudi, nakuona kutoka dirishani. Utakaa kama mtoto wa nyumbani!"

Majirani walicheka. Ulikuwa utani wa kawaida wa mashemeji, na Theonest alikuwa mwenye moyo mwema. Hilo Makoye alilijua. Lakini hakucheka nao. Kwao, mwanamume aliyehamia upande wa mkewe aliitwa majina yasiyosemeka mbele ya watoto.

"Tuone na kwingine," alisema.

Kwingine kulikuwa Bondeni, ng'ambo ya reli, ambako nyumba zilikuwa chache na ardhi tambarare. Makoye aliinama akaokota bonge la udongo. Lilikuwa jeusi, zito, limepasukapasuka kwa jua. Maisha yake yote alikuwa amelima mchanga wa Ushetu, mchanga unaopenda tumbaku na kuyadhulumu mahindi. Akalivunja bonge lile mkononi kama mtu anayevunja mkate.

"Huu," alisema, "unaweza kulisha ukoo."

Limi alizaliwa pembezoni mwa mbuga za namna hiyo. Alisogea karibu naye.

"Baba Mageni, huu ni udongo wa kulima. Kwetu tunaulima, lakini kulala tunakwenda kulala juu ya mchanga. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Nyumba haina pa kushika. Itaanguka."

Theonest akapiga makofi. "Umesikia? Mwenye nyumba kashasema! Wewe kazi yako ni kutia sahihi tu, shemeji."

"Tutajenga hapa," Makoye alisema.

Limi alimtazama usoni kwa muda, kisha akatazama chini, akakung'uta vumbi kwenye khanga yake. Hakulirudia neno lile. Alikuwa mwanamke wa kusema mara moja.

Wakajenga. Makoye alifyatua matofali kwa udongo uleule, akayaanika juani, hakuyachoma kwa kuwa kuni zilikuwa shida. Alinunua nguzo nne zaidi ya zile zilizohitajika, akazizika ndani ya ukuta wa chumba cha kulala, upande uliotazama bonde. Limi alimuuliza ni za nini. "Zimebaki tu," alisema. Watoto wakaletwa, bati likapigwa, na mvua za kwanza ziliponyesha mahindi yaliota nyuma ya nyumba kwa namna ambayo wapita njia walisimama kuyatazama.

Ndiyo iliyokuwa miezi yake ya fahari. Mahindi yalimpita kichwa, yakabeba mawilimawili. Makoye alijaza kapu mahindi mabichi, akalipeleka Mawe Matatu mwenyewe.

"Mchanga wenu haujambo?" alimuuliza Theonest.

"Haujambo, shemeji. Unatubeba."

"Wa kwangu unanilisha!"

Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Lakini wiki hiyohiyo mlango ulikuwa umeanza kukataa kufungwa. Baadaye ukaja ufa mwembamba kama uzi juu ya dirisha. Akauziba kwa udongo na samadi. Ukarudi, umekuja na ndugu zake. Akaziba tena. Jioni Limi alimshikia taa ya chemli akimwangazia. Siku moja Makoye alikuta mikeka ya watoto imehamishiwa sebuleni. Akaiacha hukohuko.

Ukuta ulianguka Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mchana, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka. Watoto walikuwa uwanjani. Limi aliingia chumbani kuchukua khanga ya kubebea mtoto mdogo. Makoye alikuwa katikati ya mahindi, akipalilia. Alisikia kishindo kizito, kama gunia la pamba lililodondoshwa kutoka juu, na alipogeuka akaona mbingu mahali palipokuwa na ukuta. Alikimbia akivunja mahindi yake mwenyewe njia nzima.

Dereva wa gari la pamba aliwabeba mpaka Kolandoto. Njiani kichwa cha Limi kilikuwa mapajani mwa Makoye. Hakulia kwa sauti. Kila gari liliporuka shimo alimkamata mkono kwa nguvu, na lilipotulia akauachia mara moja, kama kitu alichokiazima.

Tangu siku ile Makoye alikuwa na maelezo yake. Aliyatoa kwa mganga wa hospitali aliyempokea Limi, kwa balozi, kwa msimamizi wake wa kazi: "Udongo ulinidanganya. Sisi watu wa Ushetu hatuujui udongo huu." Watu wakatikisa vichwa, wakampa pole. Kila pole ilimwingia kama kitu cha wizi. Maana katika maelezo yale kulikuwa na mahali alipoparuka kila mara, kama mtu anayeruka tope, na siku kwa siku mruko ulizidi kuwa mrefu.

Alipokwenda kuomba chumba kwa Theonest, alijiandaa kuchekwa. Alitaka kuchekwa. Theonest alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na ufunguo. "Karibu, ndugu yangu," alisema. Tangu hapo hakumtania tena hata siku moja.

Kisha ikaja jioni Zipora alipomwita jikoni kwake. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Alhamisi wanamruhusu. Mguu umeunga, ila utakuwa mfupi kidogo." Akapuliza makapi. "Anasema haji hapa. Anakwenda kwa mama yetu, na watoto anawachukua."

"Kwa muda gani?"

"Hakusema muda, Makoye."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tupu, bila mtoto mbele.

Jumatano aliomba ruhusa kazini akapanda baiskeli kwenda Kolandoto. Njia nzima alipanga maneno. Angesema kwamba chumba cha Mawe Matatu ni kikavu, kwamba shule iko karibu, bomba liko hatua chache, kwamba balozi bado anauweka ule msingi wa mawe kwa ajili yao. Angesema udongo ulimdanganya.

Alimkuta Limi ameketi kwenye benchi barazani, mkongojo umeegemezwa ukutani, mguu umenyooshwa. Amekonda. Nywele alisukwa na mgonjwa mwenzake, zilikuwa zimependeza, na jambo hilo lilimchoma Makoye bila yeye kujua sababu.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama, kama alivyomwamkia zamani alipokuwa akimposa.

"Mwangaluka."

Aliketi. Akaanza na bomba, akaja kwenye shule. Limi alimwacha aseme. Alipofika kwenye udongo, akainua mkono.

"Baba Mageni, habari za udongo nimezisikia. Nimeletewa na Zipora, nimeletewa na balozi, hata muuguzi hapa ananieleza. Nina swali moja. Ukinijibu kwa udongo, kesho nakwenda kwa mama na watoto wangu. Usipanie kunifurahisha."

"Uliza."

Wakasubiri mama mmoja aliyebeba beseni apite.

"Siku ile kule Bondeni, niliposema nyumba itaanguka, uliniamini au hukuniamini?"

Makoye alitazama mguu wa Limi ulionyooka juu ya sakafu. Maneno yote aliyokuja nayo yalikuwapo bado, yamejipanga. Hakuligusa hata moja.

"Nilikuamini," alisema.