Minazi Arubaini ya Mama Rubani

Mwaka wa 1986, pale Msabaha, kusini kidogo ya mji wa Malindi, Zipporah Dzombo alikuwa akipika mboga zake kwa maji matupu, ilhali shamba lake lilikuwa na minazi arubaini. Nazi ikianguka mlangoni pake, hakuiokota. Minazi ile aliiweka rehani kwa Mzee Zubeir, mfanyabiashara wa mjini, na desturi ya rehani ndiyo hii: mpaka fedha zirudishwe, mwenye shamba hagusi hata kidaka, kinazi kichanga, kilichodondoka.

Fedha hizo zilimpeleka mwanawe Katana Nairobi, akasomea urubani, akapata leseni. Majirani walidhani sasa ataanza kulipwa. Sivyo. Kampuni ndogo ya ndege za kukodi iliyompokea Malindi ilitaka yeye ndiye ailipe, kwa salio la fedha za rehani, kwa kila saa atakayorusha ndege yao, mpaka zitimie saa mia tano. Baada ya hapo, walisema, ndipo mshahara ungeanza.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Zipporah, ingawa alilelewa misheni ya Jilore na kuimba kwaya tangu utoto, alifanya kama mama yake alivyowafanyia wanawe. Alitia maji kinywani, akampulizia Katana kifuani, akasema, "Mwanangu, usikatae kazi yoyote utakayopewa, mpaka minazi yangu irudi."

Kwao, neno lililofungwa kwa maji hufunguliwa na kinywa kile kile, kwa maji mengine.

Miezi saba ndege ilipita juu ya nyumba, na jirani yake Mishi hakuchoka kumtania. "Mama Rubani, mwanao huyo kapita. Mbona hakuangushii japo nazi moja ukakuna?"

Zipporah alicheka naye. Lakini kuanzia mwezi wa sita wa kazi, mlio wa ndege ulibadilika. Ulikuwa ukikatika kidogo, kisha ukashika tena, kama mtu anayekohoa na hataki asikiwe.

Jumapili moja jioni, alipotoka kanisani, alimkuta Nahashon uani, kofia mkononi. Huyu alikuwa fundi wa ndege, mtu wa bara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Hakuketi. "Ile ndege Katana anayoendea Kiwayu, kule kaskazini, kuchukua kamba wa hoteli, marubani wawili wa zamani wameikataa. Inavuja mafuta. Nimeandika katika kitabu cha ndege mara tatu, nikaambiwa nishike spana zangu ninyamaze."

"Na Katana?"

"Wale wanalipwa, mama, wanaweza kukataa. Yeye analipa. Akikataa, kiti anapewa mwingine anayengoja na fedha zake. Hata hivyo nilimsihi. Akaniambia, 'Mama alinipulizia maji, Nahashon. Wewe wa bara hujui.' Basi nimekuja kuuliza, ni maji gani hayo?"

Zipporah aliitazama nazi iliyolala karibu na mguu wa fundi. "Anaruka lini?"

"Kesho, saa nne. Leo analala huko huko uwanjani."

Alfajiri alichota maji ya mtungini mwake, akayatia chupani, akaenda kwa miguu. Alifika uwanja wa ndege saa mbili. Karani akamwambia hoteli ilikuwa na wageni wengi, iliwataka kamba mapema, na Katana aliondoka saa moja.

"Atarudi saa nne, mama. Ila hatakaa. Akipakua tu, anarudi kuchukua wengine."

Akaketi kwenye benchi karibu na ua. Ilipokaribia saa nne alitia maji kinywani, ili Katana akikanyaga chini tu ampulizie, kabla hajatumwa tena.

Dereva wa hoteli, aliyengoja na makasha ya barafu, akamwamkia. "Shikamoo, Mama Rubani. Leo umekuja kula kamba?"

Alimwinulia mkono tu.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Barafu ikayeyuka makashani, maji yakachuruzika mchangani, na dereva akaacha mizaha. Nahashon akatoka chumba cha redio, akasimama mlangoni akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Alitazama mbingu za kaskazini. Upande wa benchi hakutazama.

Maji kinywani mwa Zipporah yalikwisha kupata joto la mwili wake. Hakuyameza.