Mshika Mnyororo wa Wahunzi

Mdogo wangu Zigmunt, tunayemwita Zigi, alishika mnyororo wa timu ya Wahunzi miaka ishirini na sita. Mimi dada yake Mina ninaandika habari zake kwa sababu walioanza kuzieleza pale baa ya Teodora wanazieleza ovyo, na mmoja wao hata uwanjani hajawahi kufika.

Kazi yenyewe ni hii. Katika mpira wa Kimarekani, timu ikiwa na mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifika, inapewa mengine manne. Isipofika, mpira unakwenda kwa wenzao. Pembeni mwa kiwanja wako wanaume wenye miti miwili iliyounganishwa na mnyororo wa yadi kumi. Mwamuzi akitia shaka anawaita ndani, mnyororo unanyooshwa, na uwanja mzima unanyamaza kutazama pua ya mpira imefika au haikufika. Zigi alishika mti wa mbele. Wa nyuma ulikuwa wa Rollie Pettiford, dereva wa basi la shule, mtu mrefu ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Siku nyingine za juma Zigi alisaga nyama ya soseji katika bucha la mjomba wetu, mpaka bucha lilipofungwa.

Mshika mnyororo hana timu. Ndilo sharti lao kubwa. Analipwa na wenyeji lakini anapimia wote, kwa hiyo hashangilii, hapigi makofi, hatukani, hacheki. Na huyu Zigi alizaliwa mahali ambapo kelele za uwanja zinaingia dirishani hata ukifunga. Baba yetu alimbeba mabegani kwenda kuwaona Wahunzi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hata hivyo alisimama pale Jumapili zote na uso kama ukuta wa kanisa, mpaka watu wakambandika jina Nguzo.

Kwa muda mrefu haikumsumbua, maana Wahunzi walikuwa wabovu moja kwa moja. Tulishazoea. Tulichoma soseji kwenye maegesho asubuhi, tukala, tukaingia, tukafungwa, tukarudi nyumbani kulala. Ukijua utapigwa, uso hauna kazi.

Msimu ule ndio uliomharibu. Haukuwa mbaya wala haukuwa mzuri. Jumapili hii wanacheza kama wamekunywa moto, Jumapili ijayo wanacheza kama watu waliokutana kituo cha basi. Walileta mrushaji mpya, kijana wa Texas, anarusha vizuri ajabu, kwa wetu na kwa wao. Wakishinda, unaanza kuota. Wakishindwa, unaapa umemaliza. Kisha wanashinda tena.

Zigi alikaa juu, mimi chini, katika nyumba ya wazazi wetu. Kuanzia Oktoba sikupata amani. Anatembea kutoka jikoni mpaka dirishani, anarudi. Anafungua friji, anafunga, hajatoa kitu. Siku moja nikagonga dari kwa mpini wa ufagio.

"Zigi! Kaa chini, vyombo vyangu vinacheza!"

"Nimekaa, dada!"

"Umekaa na miguu ya nani basi?"

Akashuka, akasimama mlangoni, hakutaka kiti. "Wangekuwa wabovu ningelala," akasema. "Wangekuwa wazuri ningelala. Hawa wananiweka mlangoni, siingii, sitoki."

"Ni mpira tu."

"Usiniambie mimi ni mpira tu. Ulimtupia kasisi kitabu cha nyimbo kwa ajili ya mpira."

Nilimtupia, ndiyo, na alistahili. Turudi kwa Zigi.

Novemba, kijana wa Texas alirusha mpira mrefu wa kushinda mechi, na Zigi pale pembeni akakunja ngumi. Ngumi moja, chini, karibu na paja. Bosi wao, Halvorsen, aliiona. Ni mtu mpole, lakini hachezi na kazi. Alimwita kando.

"Zigi, hiyo ngumi ilikuwa ya nini?"

"Baridi, bosi."

"Ikikupata baridi tena, nitachukua mti wako. Makocha wa wageni wana macho."

Basi hapo ndipo ilipokuwa roho ya mdogo wangu, katika kuushika mti ule. Mke hakuwa naye tena, bucha halipo, watoto wako mbali na wanapiga simu sikukuu. Jumapili mtu alimpa fulana yenye mistari na kumwambia simama hapa, tunakuhitaji. Akaapa atamaliza msimu bila hata kukunja uso. Nyumbani akawa anajizoeza. Anatazama mechi za wengine kwenye televisheni huku ameshika mpini wa koleo la theluji kama ndio mti, mimi naingia na sahani, hanitazami.

Ikafika mechi ya mwisho, Januari, theluji inaanguka. Wahunzi wameshinda mechi nane na kushindwa nane. Michuano ya ubingwa ilishawatoka tangu juma lililotangulia, kwa hiyo hakukuwa na cha kugombea. Tena kulikuwa na hasara ya kushinda, maana kila majira ya kuchipua timu zinachagua vijana kutoka vyuoni, na aliyeshindwa zaidi anachagua mapema zaidi. Mji mzima ulitaka tufungwe.

Nilikwenda kutazama kwa Teodora. Simpendi, lakini televisheni yake ni kubwa.

"Mina, leo tunaomba tupigwe," akaniambia, ananijazia kahawa. "Tupate kijana wa maana."

"Ombea wewe. Mimi sijawahi kuomba nipigwe."

"Kaka yako je?"

"Kaka yangu hana timu," nikasema, na baa nzima ikacheka.

Tulikuwa nyuma kwa pointi nne na mechi inaelekea ukingoni. Jaribio la nne. Kijana wa Texas hakurusha, alijitosa mwenyewe kwa kichwa katikati ya majitu, wakalaliana pale kama magunia. Mwamuzi akawachambua mmoja mmoja, akauweka mpira chini, akatikisa kichwa, akaita mnyororo.

Wakaingia. Rollie akausimika mti wa nyuma mahali pake, Zigi akauvuta wa mbele mpaka mnyororo ukakaza. Picha ikasogezwa karibu. Niliona viatu vyake, nikaona theluji kwenye mabega yake. Baani mtu mmoja anasema, "Ipungue, ipungue." Pua ya mpira ilikuwa imepita mti kwa upana wa njugu.

Na kamera, sijui nani aliituma, ikapanda usoni kwa Zigi. Alikuwa anacheka. Si kutabasamu. Mdomo wazi, macho yamefinyika, mtoto mtupu, na watu wa nchi nzima wanamtazama.

"Mungu wangu," nikasema.

"Mtazame Nguzo!" Teodora akapiga kelele. "Nguzo ana meno!"

Wahunzi walifunga muda mfupi baadaye, wakashinda. Msimu ukaisha tisa za kushinda kwa nane za kushindwa. Baani walilaani, mmoja akasema tumejiharibia kijana mzuri kwa ajili ya ushindi usio na kazi. Uwanjani kwenyewe watu walikuwa wanatoka kimya kimya wakitafuta magari. Katika mji wote nadhani alikuwepo mtu mmoja aliyefurahi, na huyo ndiye aliyekatazwa.

Yaliyofuata nilielezwa na Rollie, aliyemleta Zigi nyumbani na kukaa mezani kwangu na koti lake. Kocha wa wageni alikuja mbio kwenye ujia wa chini, anafoka: mpimaji anayecheka ni mpimaji aliyeiba. Walipima upya kwa picha zao, mnyororo ulikuwa sawa, hakuna aliyeiba hata unywele. Lakini kicheko kilikuwepo, na wakubwa walitaka maelezo.

"Halvorsen hakutaka kumpoteza," Rollie akasema. "Alitufungia mlango, akasema, 'Zigi, Rollie huwa na utani. Alikutania pale, ukacheka. Sivyo?' Nikadakia, 'Ndivyo bosi, nilimwambia kocha wao anafanana na shangazi yangu.' Na kweli anafanana! Ilikuwa imekwisha, mama. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa."

"Akaitikia?" nikauliza, ingawa namjua.

"Akasema, 'Rollie hakunitania. Nilifurahi.' Halvorsen akamwambia, 'Zigi, fikiri kwanza.' Akasema, 'Nimefikiri. Mimi nilifurahi. Mnyororo haukufurahi, ulilala tu pale. Andika hivyo.'"

"Na fulana?"

"Aliivua mwenyewe. Akaikunja, akaiweka kwenye benchi. Halvorsen alilia, mimi nimemwona."

Zigi alikuwa amesimama karibu na jiko muda wote huo, koti mkononi, anahamisha uzito mguu huu na mguu ule. Niliwasha moto chini ya sufuria ya pierogi, vile vifuko vyetu vya unga vyenye viazi ndani. Sikujua nimpige au nimkumbatie, na katika familia yetu hatufanyi yote mawili kwa siku moja.

"Mpumbavu wewe," nikamwambia. "Uongo mdogo ungekusaidia."

"Ningesema Rollie alinichekesha, basi ningekuwa sikufurahi," akasema. "Miaka yote ile, dada. Furaha moja tu. Niwape na hiyo?"

Rollie akasafisha koo, akasema pierogi zinanukia vizuri. Nikampakulia. Zigi nikampakulia, hakukaa.

"Niambie ukweli," akasema. "Nilicheka vibaya?"

"Ulicheka kama punda. Meno yote, mpaka yale ya pembeni uliyokataa kwenda kuyang'oa."

"Kwenye televisheni kubwa?"

"Ya Teodora. Ukuta mzima."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei akaona ni ya haki. Akala pierogi tatu akiwa amesimama. Kisha akavaa koti, akachukua koleo la theluji akatoka. Alisafisha njia yetu, akasafisha ya jirani, akavuka akasafisha ya upande wa pili, ya watu hata hatusalimiani nao. Rollie alitaka kumfuata, nikamshika mkono nikamwambia ale. Tulimsikia anakwaruza mpaka kwenye kona, akakunja kona, na bado akaendelea.