Daftari Lililorudi Tupu

Binti yangu alinipeleka maktaba kunionyesha kitabu cha mwanamke aliyekufa zamani. Anasoma historia chuo kikuu hapa London, na kazi yake ya mwaka wa mwisho inahusu madaftari ya wanawake wa Kiingereza wa karne zilizopita, yale ya nyumbani, ambamo mtu alinakili mashairi aliyoyapenda na kuchora pembeni. Tulinawa mikono, tukaacha kalamu za wino kwenye kabati la mlangoni, tukaingia na penseli tu. Kitabu kililetwa kikalazwa juu ya mto kama mgonjwa. Ndani mlikuwa na mashairi kwa mwandiko wa kuinama, maua ya zambarau ya rangi za maji, na mbwa aliyelala chini ya kiti ambacho mchoraji alichoka kukimalizia.

Nikacheka. Msimamizi wa chumba akanikata jicho.

"Hili mbona ni daftari la mama yako mkubwa," nikamnong'oneza binti.

Sikuwa natania. Dada yangu, ambaye kwa binti yangu ni mama mkubwa, ana daftari alilolianza akiwa msichana Tanga. Alilivisha jalada la kitenge, akanakili humo mashairi ya magazetini na ya redioni, nyimbo za harusi, na beti zake mwenyewe, akazungushia mawaridi kwa penseli za rangi. Akaja nalo London, akauza manukato uwanja wa ndege mpaka akastaafu, na daftari likawa linazunguka nyumba hadi nyumba. Kila mwanamke aliyeliazima alilirudisha na chochote chake. Nesi mmoja wa Mombasa alibandika kipande cha kanga. Mama wa Kihindi mwenye duka pale Hounslow, mzaliwa wa Moshi, aliandika beti za Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, akachora kikapu cha pilipili. Hakuna aliyeagizwa. Kwetu jirani akikuletea bakuli la chakula, huwezi kurudisha bakuli tupu, hata kama utaweka tende mbili. Daftari nalo lilikuwa bakuli.

Mwaka huu dada aliamua kurudi Tanga moja kwa moja. Miguu imemchosha, na baridi imemchosha zaidi. Hana mtoto wa kumzaa. Mimi sikulala vizuri tangu aliponiambia, maana binti yangu Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, na niliona wazi kwamba dada akishaondoka, uzi wa kuwaunganisha hawa wawili utabaki daftari lile tu. Nililitaka libaki kwetu. Nililitaka sana, wala sioni aibu kusema.

Kwa hiyo binti alipoomba kuliazima kwa ajili ya masomo, na dada akampa bila hata kuuliza la nini, moyo wangu ulitulia.

Alikaa nalo chumbani kwake, kwenye fleti yetu ya Kilburn, kwa adabu zote za maktaba. Alinawa mikono. Aliliweka juu ya mto. Alipiga picha kila ukurasa, akalifunga kwa karatasi laini nyeupe, tukapanda treni Jumapili kulirudisha kwa dada, Hounslow.

Dada alikuwa amepika wali wa nazi. Alifungua karatasi ile taratibu, akapekua hadi mwisho. Palepale alipoishia mwanamke wa mwisho, ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe. Akaupekua na wa pili. Mweupe.

"Umelisoma, mwanangu?"

"Every page, mama mkubwa. Sijagusa kitu. I didn't leave a mark."

Alisema kwa fahari, maskini, maana huko alikofundishwa hiyo ndiyo heshima yenyewe. Dada alitabasamu, akasema ahsante, akaenda kulitia daftari kwenye begi lake la safari. Kisha akatupakulia wali.

Tulipomaliza kula nilimfuata jikoni nikiwa nimepandisha hasira.

"Dada, mtoto hajui. Mwambie tu aandike!"

"Nikimwambia ataandika kwa kunitii," alijibu, huku anaosha sufuria. "Na wewe usimwambie. Nakuomba."

Nilimkasirikia kweli. Ni mkaidi, na ukaidi wake una ustaarabu wa kukunyima hata nafasi ya kugomba. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza si kipaji changu.

Binti alirudi maktaba kwake. Jioni moja, wiki ya mwisho kabla ya safari, nilikuwa nakunja nguo sebuleni akaja na kompyuta yake. Alikuwa anaandika kuhusu kile kitabu cha mbwa na kiti. Alikuwa amegundua kwamba miandiko haikuwa ya mtu mmoja: rafiki aliandika hapa, shemeji akachora pale, mgeni aliyelala siku mbili akaacha shairi. Akafungua picha za daftari la dada, akazipitisha moja moja.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, pole pole. "Hapa wote wameandika. Kila aliyeazima."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Nikaendelea kukunja shuka. Alikaa sakafuni, akalia.

Siku ya safari alifika uwanja wa ndege kabla yetu. Dada alipomaliza kukabidhi masanduku, binti akamwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," kisha akamwomba daftari. Dada akalitoa kwenye begi la mkononi. Binti akapiga magoti mbele ya kiti, akachomoa kalamu ya wino. Alichora roshani ya dada, ndoo aliyooteshea mchicha, na dege linapita chini chini hadi tumbo linaonekana, kama yapitavyo Hounslow kutwa. Chini akaandika:

*Nilinawa na mikono, nikashika kama yai,*
*Sikuacha hata neno, nafasi nadai.*

Dada akasoma akihesabu kwa vidole, kama ahesabuvyo mashairi ya kila mtu.

"Mstari wa pili umepungua mizani mbili."

"Nirekebishe?"

"Thubutu! Uache hivyo hivyo."

Akalifunga daftari, akalitia mikononi mwa binti, akaifumbata kwa mikono yake. Nilidhani ndiyo basi, nimepata nilichokitaka, na machozi yalikuwa yameshanitangulia. Lakini dada hakuachia.

"Limeshakuwa lako," alimwambia. "Sasa naomba uniazime. Nitakwenda nalo Tanga nikalisome."

Binti alinitazama, kisha akamtazama yeye. Akampa.

Dada akalirudisha kwenye begi, akafunga zipu, akaenda zake kwenye foleni ya ukaguzi bila kugeuka, na miguu yake ile mibovu. Alikuwa ametuaga wote kwamba harudi tena London. Lakini daftari la watu ameliazima, na namjua dada yangu: hajawahi kukaa na bakuli la mtu.