Beji za Urusi za Baba Mdogo

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka leo, kwa aibu na kwa utamu wake pia. Nilikuwa kijana hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alisomea ufundi wa mashine Urusi, akarudi na kitambaa chekundu kilichochomekwa beji ndogo za chuma: hii ya mji fulani, ile ya meli, nyingine ya roketi. Kule, alisema, marafiki wakiagana hupeana beji. Kila Jumapili baada ya misa alikitandaza kitambaa mezani, akagusa moja moja na kumtaja aliyempa. Ee, Jumapili zile!

Basi nikampenda binti wa mwalimu mmoja wa Lubondja, kule milimani. Nikazichukua beji zote bila kuomba, nikajaza kifua cha koti, nikapanda milima kwenda kujitambulisha kwamba nami nimesoma Urusi.

Mwalimu alinikaribisha vizuri, kisha akaniuliza, "Kule Urusi baridi inaanzaka mwezi gani?"

"Mwezi wa saba, Mwalimu." Si ndio mwezi wa baridi huku kwetu?

Nikasikia binti akicheka jikoni. Mwalimu hakucheka. "Rudia kwenu, kijana. Siku ingine, kuja we mwenyewe."

Nguo ya kuazima haisitiri matako; waliosema hivyo hawakukosea.

Nilipofika nyumbani, kumbe beji moja imeanguka njiani, ya buluu, yenye ndege. Baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu, polepole, "Mwenye kunipatia ile, alinifunika koti lake siku niligonjwa. Hakukuwa na lingine."

Afadhali angenichapa. Siku mbili nilipekua majani ya njia yote ile. Sikuiona.

Mwezi uliofuata nilirudi Lubondja na shati langu la kazi na kikapu cha ndagala, samaki wadogo wa ziwani, nilizovua mwenyewe, nikasema ukweli wote. Mwalimu akanivutia kiti: "Leo ndio umefika." Na binti yule ndiye mama yako.

Mwanangu, ukikuta kitu cha mzee sandukuni, usikimbilie kukivaa. Kaa naye, uliza nani alikitoa na kwa nini, maana mwenye kujua akiondoka, kinabaki chuma tu. Na ukibisha mlango wa watu, nenda na jasho lako, hata likiwa dogo. Mungu akujalie safari zako mwenyewe, marafiki wa kweli ugenini, na njia nyeupe ya kurudi nyumbani.