Maua ya Zambarau kwenye Mchungwa wa Fundi

SHANGAZI YANGU HAKUMTAPELI MTU! Nimeanza na hiyo maana mtaa ulishamhukumu. Sasa tulieni niwape mkanda mzima.

Shangazi anauza miche ya matunda nyuma ya nyumba, na kwa kushuku hajambo, chai yenyewe anainusa kwanza. Juzi akaja fundi cherehani wetu, kanuna hadi masikioni.

"Dada, uliniuzia mchungwa. Sasa umetoa maua, kwa nje yana zambarau. Mchungwa maua yake meupe tupu. Umenipa mlimau, na wateja wangu wote nimeshawaambia."

Shangazi akamgeukia mumewe, ambaye ndiye anamwagilia miche. "Wewe ulitaka hapa pawe banda la kuku. Umenibadilishia miche ili nikimbiwe na wateja?"

"Mama watoto, mimi hata sijui upi ni upi."

Akawekewa majani mawili mezani. "Lipi la mchungwa?"

Jamaa akaangalia weee, akachagua la mlimau. Kumbe jani la mchungwa kikonyo chake kina vibawa vidogo pembeni, la mlimau halina, au vimejificha sana.

"Hujui kweli, au unajifanya?" Shangazi bado.

Tukaenda kwa fundi wote wanne, tunaangaliana kwa jicho la pembeni. Shangazi maua hakuyagusa. Alipiga magoti akafukua majani makavu shinani. Miche yake ni ya kuunga: chini mlimau, maana mizizi yake ina nguvu, juu mchungwa. Sasa matawi yote yenye maua yametokea chini ya kovu la kuungia! Juu ya kovu kuna kitawi kimoja kimenyong'onyea, majani yana vibawa.

"Si nilikwambia ukate yanayochipua chini?"

"Ndiyo yaliyonawiri, ningeyakataje?" Fundi akakodoa macho. "Na nitajuaje hiki hujakibandika sasa hivi?"

"Kivute."

Akakivuta. Wapi. Akacheka kidogo, akaenda kuleta mkasi wa vitambaa ayakate ya chini. Shangazi akataka panga.

"Basi wateja nitawaambia tulikosea wote," fundi akasema.

"Wote na nani?"

"Haya. Mimi."

Mume wa Shangazi bado anachunguzwa, mimi simo. Ila kama unamjua mtu mwenye mchungwa wa kuunga, mtumie hii aangalie chini ya kovu.