Sofa za Batuli

Paskalina wa Tengeru alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika hospitali yoyote: hakuweza kumpokea mgeni mikono mitupu. Mumewe alifariki binti yao Hope akiwa darasa la tatu, na tangu hapo alimsomesha binti huyo kwa vibarua vya kupalilia mashamba ya watu. Lakini ukifika kwake utakunywa chai ya maziwa, hata kama mwenyewe alilala na njaa.

Hope alipopata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo chuo kikuu, mfuko mmoja wa ufadhili ulisema utatuma mtu kuja kuona hali ya nyumbani. Bila mfuko huo, hakuna chuo. Mama akasikia neno moja tu: mgeni. Asubuhi, Hope akiwa bombani, Paskalina akaazima sofa za jirani yake Batuli, na zulia, na vitambaa vya kufuma. Hata jogoo akaomba. Hope aliporudi na ndoo yake, aliduwaa mlangoni.

"Mama, umefanya nini?"

"Mgeni hakalishwi kwenye kigoda, mwanangu."

Bwana Nathanael, mtu wa mfuko, alifika saa nne. Akazama kwenye sofa, akala paja la kuku, akatazama huku na huku, akaandika. Hope aliyekuwa akimmiminia chai aliyaona maneno: *familia inajiweza*. Akaweka chupa chini, akatoka nje akilia.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Paskalina wetu, masikini, alikuwa ameufunika wake kwa vitambaa vya watu.

Alimfuata binti yake nyuma ya nyumba. "Kuna nini?"

"Ameandika tunajiweza, mama."

Aibu ilimchoma Paskalina, lakini machozi ya mtoto yalimchoma zaidi. Akarudi ndani, akasimama mbele ya mgeni, mikono imeng'ang'ania pindo la kitenge.

"Samahani, baba. Sofa hizi ni za jirani. Zulia pia, na huyo kuku. Sisi tunalala kwenye mkeka, na wiki hii sijapata kibarua. Changu humu ndani ni huyu binti tu."

Nathanael, mtu wa makamo kama yeye, alikikata kwa mstari alichoandika. Kisha akasimama na kumwamkia upya. "Shikamoo, mama."

Novemba ile Hope alipanda basi la Morogoro kwenda chuoni, na mama yake alilia mbele ya stendi nzima bila kujifunika uso.