Jogoo wa Elfu Thelathini na Moja

Nyumbani kwangu Kiamunyi kuna jogoo aliyetugharimu shilingi elfu thelathini na moja kwa siku moja, na aibu yenyewe si bei, aibu ni kwamba alikuwa wetu tangu mwanzo. Chekeni tu, mimi nimeshazoea, siku hizi hata fundi wa viatu pale stejini huuliza habari za jogoo kabla hajauliza zangu.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno, ile ambayo kila familia hubeba kitu kanisani, mahindi au kabichi au kuku, kisha vitu vinanadiwa chini ya hema na pesa zinaenda kwa ujenzi. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na zamu ya kupika, kwa hiyo alitoka mapema pamoja na mama yake (aliyekuwa amekuja wiki hiyo kututembelea kutoka Kakamega), na akaniachia agizo moja tu: nipitie sokoni ninunue mkungu wa ndizi, huo ndio uwe mchango wetu. Mkungu nikaambiwa ni mia sita. Nikajiuliza, mia sita za nini na nyuma ya nyumba kuna kuku? Nikarudi, nikaingia kibandani, nikamkamata jogoo wa kwanza kunikaribia, nikamfunga miguu na kumkabidhi kanisani nikijiona mtu mwenye akili ya biashara.

Kwenye hema nilikaa mstari mmoja na mama mkwe, tukiwa tumeachiana kiti kimoja katikati kwa heshima (kwao mkwe hamsogelei mama mkwe), na kwenye kiti hicho akaweka mkoba wake. Mzee Barasa, mnadishaji wetu, alipomwinua jogoo juu, mama mkwe akainamia mkoba.

"Baba Neema, mbona huyo anafanana na wangu? Hata ule ukucha wa kando umepinda vilevile."

Hapo ndipo nikamtambua. Wake alikuwa jogoo ambaye mama mkwe mwenyewe alituletea wakati wa Krismasi, akiwa amempakata kwenye basi safari nzima, na maagizo yalikuwa wazi: huyu ni wa mbegu, asiuzwe, asichinjwe.

"Kuku hufanana sana, mama," nikasema.

Mpango ukaja haraka. Nimnunue mwenyewe, nitangulie nyumbani, nimrudishe kibandani, mtu asijue. Kwenye simu nilikuwa na elfu kumi na tano tulizoweka pamoja, mimi na mke wangu, miezi mingi, za kununua tangi la maji kabla ya mvua, ili yeye aache kununua maji ya mkokoteni kila asubuhi. Nikaona jogoo hawezi kupita elfu mbili, hizo nitazirudisha polepole.

"Elfu moja!" nikapaza sauti.

Mama mmoja wa kwaya, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni nyuma ya hema, akainua mkono. "Jikoni wanasema elfu mbili!"

Nilijua ni nani. Siku hiyo kulikuwa na mama mwenye hoteli Salgaa aliyekuja kusaidia kupika, anayelisha madereva wa malori, mtu wa pesa, na nikamwona kabisa akimgeuza jogoo wa mama mkwe kuwa supu. Nikasema tatu. Jikoni wakasema nne. Nikasema sita, wakasema saba, watu wakaanza vigelegele, na Mzee Barasa (huyo mzee hana huruma) akashusha kipaza sauti, akaniinamia.

"Baba Neema, kweli unashindwa na wapishi?"

"Kumi!"

"Jikoni, kumi na mbili!"

"Mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole, "kumbe unampenda Mungu hivi!"

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Nikasimama, nikafunga koti, nikasema kumi na tano, yaani tangi lote, na bomba lake. Kisha nyuma kule: "Jikoni, kumi na sita!" Nikaketi kama gunia.

Mshindi akaitwa aje achukue mali yake. Akatoka na aproni, mikono ina unga hadi viwiko, na hakuwa mama wa Salgaa.

"Baba Neema," mke wangu akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu kiasi kwamba hata watu wa barabarani walisikia, "nimeona jogoo wa mama ananadiwa, nafanya juu chini nimkomboe kabla hajamwona, kumbe ni wewe unanipandishia?"

Kuna watu walilala chini kwa kicheko. Mchungaji alijifuta macho kwa tai. Lakini Mzee Barasa alikuwa bado ana kazi.

"Ndugu zangu, bibi analipa kumi na sita. Bwana naye ametamka kumi na tano mbele ya kanisa. Baba Neema, hizo zirudi mfukoni, ama zibaki kwa Mungu?"

Hapo ningesema zirudi, tukacheka, tukaenda kula. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama, ananitazama, na watu wote wananitazama, na mdomo wangu ukafanya kazi bila mimi.

"Zibaki."

Mke wangu alifumba macho. Mama yake akampokea jogoo, akakagua ukucha, akatangaza kwamba sasa hata gavana akija kwetu ale mboga.

Nimeapa sitaweka tena mkono kibandani bila kuuliza, na Jumapili ya mavuno nitapeleka ndizi hata mkungu ukifika elfu mbili. Tangi hatujanunua. Ila kuna jambo moja sijalielewa mpaka leo: pesa zetu zote nilizozijua zilikuwa kwenye simu yangu, na Mama Neema alilipa elfu kumi na sita palepale, kwa simu yake, bila kukunja uso. Nimemuuliza mara tatu zilitoka wapi. Mara zote tatu amenijibu, "Baba Neema, toa beseni nje, mvua inakuja."